SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUTAYARISHA SAUTI KWENYE SEVA YA ENEOKAZI LA MBALI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaarifiwa kuwa somo la toleo hili linahusu sauti katika kompyuta inayotumiwa kutoka mbali. Eneokazi la mbali ni utaratibu ambao mtumishi huketi mbele ya mashine yake ndogo, huku programu na majalada anayoyatumia yakiwa ndani ya seva iliyo mji mwingine. Picha ya kioo humfikia kwa mtandao. Sauti, hata hivyo, haiji yenyewe. Ni lazima ipangiwe njia.

Mfano umechukuliwa Nyarugusu, katika Mkoa wa Geita, kwa sababu hali ya huko haitofautiani na ya ofisi za visiwani: mtumishi yupo hapa, seva ipo ng'ambo. Nyarugusu ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tuseme mchimbaji amelalamika kuwa alipunjwa katika mgawanyo wa viroba vya mawe ya duara lake, na maelezo yake yamerekodiwa na kuhifadhiwa kwenye seva. Afisa anayeshughulikia shauri anafungua rekodi hiyo, lakini hasikii neno. Asipojua sababu, ataandika muhtasari kwa kukisia, na haki ya mtu itategemea makisio.

Msingi wa somo ni huu: kabla ya kubonyeza kitufe cha kusikiliza, amua sauti itasikika wapi. Hatua ni kama zifuatazo.

Kwanza, seva. Katika seva ya Windows, huduma ya sauti ya mfumo mara nyingi huwa haijawashwa, kwa kuwa seva haikukusudiwa kupiga muziki. Msimamizi aiwashe na kuipanga ianze yenyewe kila seva inapowaka. Kisha akague sera za kikundi, katika sehemu ya kuelekeza vifaa na rasilimali, ahakikishe kuwa kupeleka sauti kwa mtumiaji kumeruhusiwa.

Katika seva ya Linux inayotumia xrdp, programu hiyo peke yake haitoshi. Huhitajika moduli ya kuiunganisha na mfumo wa sauti uliopo, uwe PulseAudio au PipeWire. Baada ya kuiweka, mtumiaji atoke kabisa katika kikao na kuingia upya. Amri ya «pactl list short sinks» itaonyesha njia za sauti zilizopo: jina lenye neno xrdp likionekana, njia ipo, likionekana «auto_null» peke yake, sauti inatumbukia shimoni na hakuna atakayeisikia.

Pili, mashine ya mtumiaji. Katika programu ya kuunganisha ya Windows, sehemu ya rasilimali za hapa ina machaguo matatu. Machaguo hayo huandikwa pia katika faili la muunganisho: «audiomode:i:0» huleta sauti kwa mtumiaji, namba 1 huiacha kwenye seva, namba 2 huizima. Afisa wetu anahitaji 0. Akiacha 1, huenda maneno ya mlalamikaji yakasikika kwenye spika za chumba cha seva, mbele ya watu wasiohusika, naye akidhani mashine imeharibika.

Kipaza sauti kina mpangilio wake peke yake. Kikiandikwa «audiocapturemode:i:1», sauti ya chumba cha mtumiaji inaweza kuchukuliwa na programu zilizo kwenye seva. Kibaki 0 mpaka pawe na haja.

Tatu, mtandao. Sauti ya ubora wa diski ya muziki, bila kubanwa, huhitaji biti 1,411,200 kwa sekunde. Sauti ya simu ya kawaida huhitaji 64,000 tu. Hata palipo karibu na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kipande cha mwisho hadi ofisini aghalabu hupita katika mtandao wa simu za mkononi. Kwa maongezi ya mtu mmoja, ubora wa kati watosha. Sauti ikikatika, mtumiaji apunguze kwanza rangi na mapambo ya kioo ili kuipisha.

Nne, jaribio. Ijaribiwe rekodi isiyo ya siri kabla ya ile ya shauri. Nyarugusu, ambako makarasha husaga mawe kutwa, spika za mezani hushindana na kelele, na anayeongeza sauti ili asikie huwasikilizisha na waliopo dirishani. Spika za masikioni ndizo zinazofaa.

Tano, kumaliza kazi. Kufunga dirisha si kutoka. Kikao huweza kubaki hai kwenye seva pamoja na rekodi iliyofunguliwa. Mtumishi afunge rekodi, kisha atoke rasmi.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sauti ya mtu anayejitaja jina na kueleza shauri lake ni taarifa inayomtambulisha, sawa na barua yenye sahihi yake. Barua ya siri haisomwi kwa sauti sokoni. Vivyo hivyo rekodi haiachwi isikike popote itakapoangukia.

Mwananchi naye anayo nafasi yake. Anapotoa maelezo yanayorekodiwa, ana sababu njema ya kuuliza yatahifadhiwa wapi na nani atayasikiliza. Mtumishi aliyelielewa somo hili hatapata taabu kumjibu.