Dondoo Muhimu: Kuitayarisha Volkswagen ya Kale kwa Marekebisho ya Injini

Mwenye Volkswagen Beetle, gari la aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, yampasa kwanza aliache gari lipoe usiku kucha, kwa maana nafasi ya vali, ambayo katika injini nyingi za namna hiyo ni milimita 0.15, haipimwi ila injini ikiwa baridi kabisa. Na fundi akuharakishaye kuipima ilhali chuma kingali na moto, usimridhie.

Asubuhi, kabla ya kugusa spana, isafishe injini, hususan pembezoni mwa plagi, kwani chembe ya mchanga ikitumbukia tunduni huparuza silinda. Weka tayari plagi mpya, pointi za distribyuta na kondensa yake, pamoja na gasketi za vifuniko vya vali, maana za kale zikirudishwa aghalabu huvujisha oili.

Utaratibu ni huu: vali, kisha pointi kwa milimita 0.4, ndipo majira ya cheche, na kabureta iwe ya mwisho, injini ikisha kupata moto. Wengi huanza na kabureta, nayo hubebeshwa lawama isiyo yake. Tafadhali, msomaji, usiiguse hadi zamu yake ifike.