Viambato vya Mimea katika Tiba ya Chunusi

Chunusi hutokea pale vitundu vya vinyweleo vinapozibwa na sebamu, yaani mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi, pamoja na seli zilizokufa, kisha bakteria aitwaye Cutibacterium acnes akastawi humo na kuchochea uvimbe. Kiambato cha mmea hufaa kwa kadiri kinavyozuia mojawapo ya hatua hizo, na kwa hiyo kutoka shambani au msituni pekee si ushahidi kwamba kinatibu, wala kwamba ni salama.

Miongoni mwa viambato vilivyochunguzwa zaidi ni mafuta ya mti wa chai wa Australia, Melaleuca alternifolia, ambao hauna nasaba na mchai unaolimwa Mufindi au Kericho. Katika utafiti uliochapishwa nchini humo mwaka 1990, wagonjwa 124 waligawanywa, baadhi wakipaka mafuta hayo kwa kiwango cha asilimia 5 na wengine dawa ya benzoili peroksaidi ya kiwango hichohicho. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na ingawa mafuta hayo yalichelewa kufanya kazi, madhara yake yalikuwa machache zaidi. Kiwango ndicho cha kuzingatiwa hapo, kwa maana mafuta hayo yakipakwa bila kuzimuliwa huweza kuunguza ngozi, yakikaa katika chupa iliyo wazi hubadilika na kuzidisha mzio, na yakimezwa ni sumu.

Ndimu na limau zinastahili onyo kali. Maji yake yana asidi kali mno kwa ngozi, na furokumarini, kemikali iliyomo hasa katika maganda, ikipigwa na jua huunguza na kuacha weusi unaoweza kudumu miezi kadhaa. Kwa ngozi nyeusi, ambayo chunusi zenyewe huiachia madoa, ni hasara juu ya hasara.

Manjano na liwa, vinavyotiwa katika singo za pwani, yaani michanganyiko ya kusugulia ngozi, vina heshima yake katika urembo, lakini kusugua kwa nguvu ngozi yenye chunusi huzidisha uvimbe. Ute wa mshubiri hutuliza, mradi utomvu wa njano ulio chini ya ganda uondolewe kwanza, kwa kuwa huwasha. Mafuta ya nazi huweza kuziba vitundu.

Kiambato kipya hupakwa kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na kuangaliwa kwa siku mbili. Mwenye vivimbe vikubwa vyenye maumivu, au aliyeanza kupata makovu, amwone daktari wa ngozi mapema, kwani kovu lililokwisha kujijenga haliondolewi na mmea wowote.