Kukata Chuma kwa Plazma: Mwongozo kwa Mafundi wa Jua Kali wa Karatina

Katika mchezo wa kompyuta wa StarCraft, uliotoka mwaka 1998, wapiganaji wa jamii ya Protoss huchomoza mapanga ya nishati mikononi mwao kwa nguvu za akili. Mapanga hayo ni ya kubuni, ila chombo kinachokaribiana nayo kipo na kinauzwa madukani: mashine ya kukata chuma kwa plazma. Nguvu zake hutoka kwenye umeme na hewa ya kompresa. Akili ya fundi ndiyo inayoamua kama ncha yake itakata bati la geti au vidole vya mtu.

Mwongozo huu ni wa mafundi, wanagenzi na wenye karakana wanaotengeneza mageti, grili, mikokoteni na mashine za kukatia majani ya ng'ombe, kuanzia Karatina hadi Nyeri, Othaya na Nanyuki.

1. Ijue mashine yako

Ukataji wa plazma ulianza Marekani katika miaka ya 1950. Mashine husukuma hewa kupitia tundu jembamba la nozeli, na umeme hupita ndani ya hewa hiyo. Hewa hupata joto la nyuzi 20,000 za Selsiasi hivi, huwa plazma, huyeyusha chuma na kukipuliza upande wa pili. Moto wa oksijeni na asetilini hufika nyuzi 3,100 hivi.

Plazma hukata metali yoyote inayopitisha umeme: chuma cha kawaida, chuma kisichoshika kutu, alumini na shaba. Moto wa gesi unafaa kwa chuma cha kawaida, hasa kile kinene. Usiutumie kukata alumini.

Mashine ya kuchomelea, ikiwa imewashwa bila kufanya kazi, kwa kawaida huwa na volti zisizozidi 100. Ya plazma mara nyingi huzidi 200. Mshtuko wake unaweza kuua, na ardhi yenye unyevu huongeza hatari hiyo.

2. Kabla ya kuwasha

- Simama mahali pakavu, juu ya ubao au mpira, ukiwa na viatu vizima. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, usikatie nje kwenye manyunyu.
- Bana klampu ya ardhi kwenye chuma kilichokwanguliwa kutu na rangi.
- Kagua waya zote. Waya iliyochubuka ibadilishwe. Kuifunga kwa karatasi ya nailoni si kuitengeneza.
- Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa kila asubuhi umwage maji. Hewa yenye maji huharibu nozeli na kuchafua mkato.
- Zima mashine na uchomoe plagi kabla ya kubadilisha nozeli.
- Ondoa maranda, magunia, vitambaa vyenye mafuta na mitungi ya gesi. Cheche zinaweza kuruka hadi mita 10 au zaidi. Karakana nyingi zimepakana na mafundi seremala au vibanda vya nguo, kwa hiyo mwarifu jirani kabla ya kuanza.
- Weka ndoo ya mchanga na kizimamoto karibu. Ukimaliza, kaa ukichunga kwa muda usiopungua nusu saa. Saa nzima ni bora zaidi.

Anayetumia gesi azingatie mengine matatu. Mtungi wa asetilini usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Shinikizo la asetilini lisizidi psi 15. Mafuta au grisi yasiguse kabisa vali ya oksijeni, kwa sababu oksijeni yenye shinikizo huweza kuyawasha bila cheche yoyote.

3. Linda macho na mapafu

Miwani ya jua haizuii mwanga wa plazma. Kwa mashine ndogo zisizozidi ampea 80, kioo cha namba 8 kinatosha. Kwa kuchomelea kwa umeme, vaa namba 10 au zaidi. Zuia wapita njia na watoto kwa pazia au bati, maana mwanga huo humuumiza hata mtu asiyeshika mashine.

Macho yaliyochomwa na mwanga kwa kawaida huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama yaliyotiwa mchanga. Usiweke viazi, maziwa wala dawa ya mtu mwingine. Nenda hospitali.

Mabati yamepakwa zinki. Moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baada ya kazi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Kwangua rangi na zinki kwenye mstari wa kukatia, fanya kazi penye hewa ya kutosha na vaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi mapafu. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Usikate chuma kilichotoka kusafishwa kwa dawa ya kuondoa grisi yenye klorini. Mwanga na joto huweza kuigeuza kuwa gesi ya sumu kali.

4. Mapipa

Pipa lililobeba petroli, mafuta, rangi au spiriti linaweza kulipuka hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unatosha. Ukiletewa pipa usilojua lilibeba nini, likatae. Hakuna bei ya jiko au tangi inayolingana na uhai wako.

5. Akili iwepo kazini

Plazma haimsubiri aliyechoka. Usikate ukiwa umelewa, una usingizi au unaongea na simu. Siku za soko wateja huwa wengi na kila mmoja anataka kazi yake mbele ya mwenzake. Mwambie mteja asubiri. Kabla ya kubonyeza kifyatulio, jiulize: mkono wangu wa pili uko wapi? Cheche zitaangukia wapi? Nani yuko nyuma yangu? Mwanagenzi ajibu maswali haya kwa sauti mpaka yawe mazoea.

6. Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme, zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mayai wala mafuta. Kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

7. Haki na wajibu

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na inamtaka mfanyakazi avitumie. Mfanyakazi anayeondoka mahali penye hatari kubwa ya wazi, akiwa na sababu ya msingi, hapaswi kufukuzwa kwa hilo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa, na kifo ndani ya saa 24.

Fundi aliyejifunza kwa kutazama anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, apate cheti cha kiwango chake. Cheti humsaidia kuomba kandarasi na humpa uzito anapodai vifaa salama.

Mwenye karakana, nunua kofia ya kujikinga siku ileile unaponunua mashine, na umpe mwanagenzi yake kabla hujampa kazi. Fundi, usiwashe mashine mpaka umejikinga na umeangalia waliokuzunguka. Geti lililokatwa vibaya hurudiwa kesho; jicho halirudiwi.