Kuchagua Diodi za Nuru na Rezista Zake

Diodi ya nuru, inayouzwa madukani kwa jina la LED, ni kifaa kidogo kitoacho mwanga umeme upitapo ndani yake. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza diodi nyekundu yenye kufaa kwa matumizi. Diodi ya buluu yenye nuru kali ilichelewa hadi miaka ya 1990, nayo ndiyo iliyowezesha kutengenezwa kwa taa nyeupe. Kazi hiyo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Sababu ya kutumia rezista

Uzi wa balbu ya tochi ukipata moto, ukinzani wake huongezeka, na hivyo balbu hujizuia yenyewe. Diodi haina tabia hiyo. Volteji ikiwa chini ya kiwango fulani, diodi haiwaki. Ikishapita kiwango hicho, ongezeko dogo tu la volteji huleta ongezeko kubwa la mkondo. Diodi ikipata joto, mkondo huzidi tena, na mwisho wake ni kuungua. Hapana budi basi mkondo uzuiwe kwa rezista.

Jinsi ya kukokotoa

Mambo matatu yatakiwa kujulikana: volteji ya betri, volteji ya diodi, na mkondo unaotakiwa. Diodi nyekundu huhitaji volti 2 hivi. Nyeupe na buluu huhitaji kati ya volti 3 na 3.4. Diodi nyingi za kawaida za milimita 5 hazifai kupitishiwa zaidi ya miliampea 20 mfululizo. Kwa Kanuni ya Ohm:

Ukinzani = (volteji ya betri – volteji ya diodi) ÷ mkondo

Kwa mfano, diodi moja nyekundu iwashwe kwa betri ya volti 9, kwa mkondo wa miliampea 15, yaani ampea 0.015. Volti 9 ukitoa 2 ni 7. 7 ÷ 0.015 ni omu 467. Rezista ya kiasi hicho haipatikani kwa kawaida. Huchukuliwa iliyo juu yake, omu 470, yenye mistari ya manjano, zambarau na kahawia. Nguvu inayogeuka joto ni 7 × 0.015, yaani wati 0.105, rezista ya robo wati yatosha.

Taa ya betri ya jua

Hapa ndipo wengi hukosea. Diodi tatu nyeupe za volti 3.2 zikiunganishwa mfululizo huhitaji volti 9.6. Kwa betri ya volti 12 hubaki volti 2.4, na rezista ya omu 150 hupitisha miliampea 16. Hesabu yaonekana sahihi. Lakini betri hiyo ya risasi ichajiwapo na jua, volteji yake yaweza kupanda hadi volti 14.4. Zitabaki volti 4.8, na mkondo utafika miliampea 32: taa itaharibika mchana, na mwenyewe atagundua usiku aihitajipo.

Yafaa hesabu ifanywe kwa volteji ya juu kabisa. Volti 4.8 ÷ 0.02 ni omu 240. Rezista iliyo juu yake katika mfululizo wa kawaida ni omu 270, yenye mistari nyekundu, zambarau na kahawia. Betri ichajiwapo mkondo utakuwa miliampea 18 hivi. Kwa volti 12 utakuwa 9 hivi. Mwanga utapungua kidogo, lakini taa itadumu.

Diodi zaidi zikitakiwa, kila safu ya tatu ipewe rezista yake. Safu mbili zikitumia rezista moja, ile yenye volteji ndogo itanyonya mkondo mwingi na kuungua kwanza.

Mwisho, mguu mrefu wa diodi huelekezwa upande wa chanya, na mfupi upande wa hasi. Rezista yaweza kuwekwa upande wowote, maadamu mkondo wote wa safu wapita ndani yake.