Mashine Umepewa, Kapsuli Je?

Mdogo wangu, hongera kwa mashine ya kahawa. Najua ilivyopendeza pale jikoni, na wageni wameshaiulizia. Ila sogea nikuulize taratibu: kapsuli unanunua wapi, na kwa bei gani? Ukinyamaza sikushangai, wengi hulizwa hapo hapo.

Wauzaji hawategemei sana faida ya mashine. Wanakungoja kwenye kapsuli, kila asubuhi, kikombe baada ya kikombe. Chukua zile ndogo za Nespresso Original: ndani mna kahawa gramu 5 hivi, kwa hiyo kilo moja ni kapsuli 200. Zidisha bei ya moja mara 200, halafu kaulize kilo ya kahawa ya kusaga ya Kilimanjaro. Tafadhali usizimie dukani kwa watu.

Afadhali hizo ndogo. Hataza zake za mwanzo zilipoisha, kampuni nyingine ziliingia sokoni, na leo Ulaya utazikuta hata supamaketi, za kila bei. Vertuo, aina nyingine ya mashine za Nespresso, ndiyo inayonitia wasiwasi. Ina wivu kama mume wa kuogopwa: ukingoni mwa kapsuli kuna msimbopau, mashine inausoma kwanza ndipo imwage maji. Isipoutambua, inakugomea, nawe umeshaamka, kichwa kinauma, hasira juu. Muuzaji akipandisha bei, utamlilia nani?

Nanyi mlioko Marekani msitucheke. Mwaka 2014 kampuni ya huko, Keurig, walileta mashine inayokataa vikopo vya kahawa visivyo na kibali chao. Wateja waliwaka, mauzo yakashuka, na mwaka 2015 mkuu wa kampuni akakiri kwamba walikosea kuondoa kile kichujio cha kujijazia kahawa mwenyewe. Kikarudishwa. Halafu acheni kuwatumia ndugu zenu Tanga mashine hizo! Zinataka umeme wa volti 120, wa huku ni 230. Itaungua siku ya kwanza, na hata isipoungua, vikopo atavipata wapi?

Usione aibu, mashine haijakuwa hasara bado. Kama ni Original, tafuta kapsuli ya chuma cha pua ya kujaza mwenyewe. Jaza kahawa iliyosagwa laini, usiishindilie mno maji yakashindwa kupita, na uioshe papo hapo kabla mafuta ya kahawa hayajaganda. Kazi ipo, sikufichi. Na wewe ambaye bado hujanunua, usinunue mbuzi kwenye gunia: ukifika dukani, mashine iache kwanza, ulizia kapsuli, na uliza nani mwingine anaziuza.