Dondoo Muhimu: Kamera Ndogo ya Majini

Ukaapo Kericho au Bomet, ambako mvua aghalabu hunyesha alasiri na, huko Bomet, mto Nyangores hupita umebeba udongo, huna haja ya kugharimia kamera ya wazamiaji wa bahari kuu; yakutosha ndogo inayohimili kina cha mita 10, hata iwe ya mtumba, ilimradi kabla ya kutoa fedha ufungue kifuniko cha betri na kuukagua kwa makini ule mpira mwembamba uzuiao maji, kwani unywele mmoja, au chembe ya vumbi la majani ya chai iliyolala juu yake, yatosha kuingiza maji na kuiharibu mashine yote. Mpira ukiwa umepasuka, iache kamera hiyo, hata bei iwe rahisi namna gani.

Kifuniko kifungie nyumbani pakavu, si shambani penye ukungu, la sivyo unyevu uliobaki ndani utatanda kwenye lenzi pindi kamera iingiapo maji baridi. Mtoni zima flashi, maana mwanga wake hung'arisha matope badala ya samaki, nawe usogee karibu mno. Ukirejea, isuuze kwa maji safi yasiyo moto, uikaushe kivulini, ndipo uifungue.