Kuchunguza Mlio wa Gari Linaloendeshwa kwa Magurudumu Yote

Barabara itokayo Sumbawanga kwenda Bonde la Rukwa huteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye takribani mita 800. Gari liendalo Muze au Mtowisa hushuka kimo cha karibu mita 1,000, na wakati wa kurudi hukipanda tena. Kwa hiyo mlio mgeni katika gari la namna hiyo si jambo la kupuuzwa. Beringi ya gurudumu ikivunjika mteremkoni, gurudumu laweza kulegea, au hata kuchomoka.

Hata hivyo, mara nyingi mwenye gari huanza kwa kununua vipuri. Hubadilisha beringi, kisha ekseli, kisha difu, na mlio ukabaki pale pale. Utaratibu wa kisayansi ni kinyume cha huo: mlio huulizwa maswali kwanza, na kifaa hufunguliwa mwisho.

Njia ya nguvu

Katika Landrova za zamani dereva mwenyewe ndiye aliyeunganisha magurudumu ya mbele kwa kuvuta wenzo. Katika magari mengi mapya yenye umbo la jipu, kama Toyota RAV4 na Nissan X-Trail yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote, nguvu huenda zaidi mbele. Propela shafti huipeleka nyingine nyuma, na karibu na difu ya nyuma huwapo klachi inayotawaliwa na kompyuta. Klachi hiyo hushika na kuachia yenyewe. Ndiyo maana mlio waweza kuja na kutoweka bila dereva kugusa chochote.

Tena bodi ya magari hayo imeungwa kuwa kitu kimoja, nayo husafirisha sauti mbali. Mlio wa beringi ya mbele waweza kusikika kana kwamba unatoka kiti cha nyuma. Sikio la abiria peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Kila kifaa na mwendo wake

Jambo linalomsaidia mchunguzi ni kwamba vifaa hivi havizunguki kwa kasi moja. Chukua tairi la kipimo cha 225/65R17. Mzingo wake ni takribani mita 2.28. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 16.7 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 7 hivi kila sekunde. Ikiwa difu ina uwiano wa 1 kwa 3, propela shafti huzunguka mara 22 hivi. Na ikiwa gia ndogo ya difu ina meno 13, meno hayo hugongana mara zipatazo 286 kwa sekunde.

Kwa hiyo mgongo wa taratibu, unaokaribia kuhesabika, huelekeza kwenye gurudumu au tairi. Mtetemo wa haraka zaidi huelekeza kwenye propela shafti na krosi zake. Mlio mwembamba kama wa filimbi huelekeza kwenye meno ya gia. Simu nyingi za mkononi za leo zaweza kuwekewa programu ya kupima idadi ya mitetemo kwa sekunde, na hesabu hii ikalinganishwa na kipimo hicho.

Maswali manne

Kwanza: je, mlio hufuata mwendo wa injini au mwendo wa gari? Gari liendeshwe kwa kasi ile ile katika gia mbili tofauti. Mlio ukibadilika pamoja na injini, chanzo kitafutwe kwenye injini, klachi au giaboksi. Usipobadilika, chanzo kiko mbele zaidi katika njia ya nguvu, kuelekea magurudumuni.

Pili: je, hubadilika dereva akikanyaga mafuta na kuachia? Meno ya difu hubadili mlio kwa sababu mzigo huhamia upande wa pili wa jino. Beringi ya gurudumu kwa kawaida haijali.

Tatu: je, hubadilika kwenye kona? Gari likikata kushoto, uzito huhamia kulia, na mara nyingi beringi mbovu ya kulia huvuma zaidi. Mlio wa "ka-ka-ka" kwenye kona kali huonyesha viungo vya ekseli za mbele. Mgurumo wa nyuma pamoja na mtikisiko, kwenye kona kali ya polepole, huonyesha klachi ya nyuma au mafuta yake.

Nne: je, hubadilika kulingana na barabara? Mlio unaosikika kwenye lami ya Tunduma hadi Sumbawanga na kutoweka kwenye udongo yaelekea ni wa matairi. Matairi yakihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, na mlio ukahama nayo, jibu limepatikana bila kununua kitu.

Visa vya gharama ndogo

Majira ya mvua Ufipa huanza Novemba hadi Aprili. Tope likikauka ndani ya rimu huondoa ulinganifu wa gurudumu na kuleta mtetemo. Kijiwe kikinasa nyuma ya diski ya breki hukwaruza kwa ukali unaotisha. Vyote viwili huondolewa kwa maji na bisibisi.

Matairi nayo yapimwe. Yakiwa mapya mbele na yaliyolika milimita 5 nyuma, mizingo hutofautiana kwa takribani sentimita 3. Kwa kila kilomita magurudumu ya nyuma huzunguka mara 6 zaidi. Kwa kilomita 220 hivi za kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ni zaidi ya mara 1,300. Tofauti hiyo yote huibeba klachi ya nyuma kwa kuteleza na kupata joto. Klachi mpya ikifungwa bila kulinganisha matairi, nayo itaharibika.

Tahadhari

Majaribio yafanywe mahali tambarare pasipo na msongamano. Gari lisiachwe kamwe liteleze bila gia kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kwa kuwa injini haitalizuia tena na breki zitapata joto hadi zishindwe. Vilevile gari la aina hii lisiendeshwe kwenye gia likiwa limeinuliwa magurudumu mawili tu kwa jeki: magurudumu yaliyo chini yaweza kulisukuma likaanguka. Gurudumu likichezacheza linapotikiswa kwa mikono, safari isimamishwe.

Majibu ya maswali yale manne yaandikwe katika karatasi, pamoja na kasi na barabara ya jaribio, na fundi apewe karatasi hiyo kabla hajashika spana.